Gill na vyombo vya wachimba zahabu

Samuel Thomas Gill, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Australia mwaka 1839, alifika kwenye machimbo ya zahabu ya Victoria mwaka 1852, akachora aliyoyaona. Uzuri wa michoro yake ni huu: chombo kinaonekana kazini. Mmoja anatikisa sanduku la kuoshea mchanga, mwenzake anamimina maji. Hata hema na vibanda vya magome ya miti si vitupu, watu wamo. Kasoro yake: anapenda mno kuchekesha, taabu inapita haraka.

Na kwetu? Zahabu ya Kilo, kule Ituri, ilivumbuliwa mwaka 1903 na Waaustralia wawili. Karai na sululu za wazee wetu, nani amevichora? Ndugu walimu, tuwafuate na daftari sasa hivi, juu vyombo vinaoza na wenye kuvieleza wanatutoka.