Waterloo Kabla ya Askofu

Riwaya ya Victor Hugo, Les Misérables (1862), inaanza na maisha ya Askofu Myriel. Uwanja wa Waterloo, ambako Thénardier anawapora maiti, hauonekani mpaka sehemu ya pili. Filamu ya televisheni ya BBC yenye sehemu sita, iliyoandikwa na Andrew Davies na kuanza kuonyeshwa mwaka 2018, inaanzia Waterloo. Je, hili ni badiliko la msuko tu? La hasha. Msomaji wa Hugo huujua ukarimu kwanza, akautumia kuupimia wizi. Mtazamaji huanza na wizi. Hivyo askofu anapomwachia Jean Valjean vyombo vya fedha alivyoviiba, tendo hilo huonekana muujiza. Filamu imepata kasi, lakini utu ambao Hugo aliufanya msingi umegeuka kuwa ajabu.