A-unganifu ya "Redio ya Jamii": Uhakiki kutoka Miji ya Mlima Kenya

Ni desturi katika vitabu vya sarufi ya Kiswahili kuipitia a-unganifu kwa haraka, kana kwamba kazi yake ni kufunga jina kwa jina tu, basi. Lakini tutazame mifano mitatu iliyo wazi: nyumba ya Wanjiru, nyumba ya wageni, nyumba ya mawe. Umbo ni lile lile. Uhusiano ni mbali mbali kabisa. Wanjiru ni mwenye nyumba, na akitaka kuibomoa hamwombi mtu ruhusa. Wageni wamejengewa, hulala, hulipa, wakaondoka asubuhi bila kuulizwa rangi ya ukuta. Ama mawe, hayo ndiyo nyumba yenyewe, na pasipo mawe hapana kitu, ila hakuna aliyewahi kuyashauri.

Tunaposema "redio ya jamii", tunakusudia nyumba ipi kati ya hizo? Istilahi hii imeenea sana katika maandishi ya utangazaji, na imepata mshindani, "redio ya kijamii", ambaye naona ni dhaifu zaidi, kwa sababu kiambishi ki- hapo chaeleza namna tu: kitu cha kijamii chahusu jamii, au chafanana na mambo ya jamii, wala si lazima kiwe chake. Hata hivyo "ya jamii" nayo haijatuokoa. Katika semina zetu nimesikia mara nyingi redio yo yote inayotangaza kwa Kigikuyu au Kimeru ikiitwa redio ya jamii, kwa hoja kwamba inasema lugha ya jamii. Hoja hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga. Miji inayouzunguka Mlima Kenya yatosha kuwa ushahidi, kwa kuwa huko redio imesema lugha ya wenyeji kwa zaidi ya miaka 70, na katika muda huo wenye redio wamebadilika mara kadha.

Tuanze Nyeri. Mwaka 1953, Hali ya Hatari ikiwa imekwisha kutangazwa tangu Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilianzisha huduma ya utangazaji kwa Waafrika, ikasema Kiswahili, Kigikuyu, Kidholuo, Kikamba na lugha nyinginezo. Katika miaka hiyo ya 1950 vikaundwa na vituo vya majimbo: Mombasa ikawa na Sauti ya Mvita, Kisumu ikapata kituo cha Ziwa, na Nyeri kituo cha Mlima Kenya. Msomaji ayatazame majina hayo. Mvita imepewa sauti. Nyeri imepewa mlima. Huenda ni bahati nasibu ya ukarani tu, lakini mtu hawezi kubuni jina lililosadifu zaidi, maana sauti ndiyo hasa iliyokuwa haitakiwi Nyeri.

Kwa vipimo vinavyopendwa leo, kituo hicho kilikuwa karibu na watu kuliko chombo cho chote cha habari cha wakati wake. Kilikuwa mjini kwao, na Kigikuyu kilikuwa lugha ya hewani. Ila tangu mwaka 1954 wasikilizaji wenyewe walikuwa wakiondolewa katika miji yao ya asili kwa nguvu, watu wapatao milioni moja, wakasongamanishwa katika vijiji vilivyochimbiwa mahandaki na kulindwa kwa bunduki. Katika mji ule ule wa Nyeri ndipo Dedan Kimathi aliposhtakiwa na kuhukumiwa kifo mwaka 1956. Lugha ilikuwa ya mama, mahali palikuwa pa nyumbani, na bado hapana mtu mwenye akili timamu atakayethubutu kuiita ile redio ya jamii. Ilikuwa nyumba ya wageni, na wageni walikuwa wafungwa. Kama lugha ingetosha kuifanya redio iwe ya jamii, basi hiyo ingehesabiwa miongoni mwa za kwanza katika Afrika ya Mashariki, na mjadala wetu ungekwisha hapa.

Baada ya uhuru, utangazaji ulitaifishwa mwaka 1964 kwa jina la Sauti ya Kenya, na uzito wake ukakusanywa Nairobi. Kigikuyu na Kimeru vilisikika kwa saa zilizopangwa. Jambo la maana katika miaka hiyo, kwa maoni yangu, halikutokea katika lugha za mama bali katika idhaa ya Kiswahili, nalo ni salamu. Najua wenzangu watatabasamu, maana hakuna utanzu wa redio uliodharauliwa na wahakiki kama huo. Lakini tufikiri: msikilizaji alinunua kadi, akaandika jina lake, mahali alipo, na majina ya wale anaowasalimu, akaipeleka, akangoja. Vikazaliwa vilabu vya salamu, watu wasiojuana kwa sura wakawa ndugu kwa majina, wakazikana na kuchangiana. Mtangazaji alikuwa msomaji tu; utungo ulikuwa wa msikilizaji. Ni uwanja mwembamba mno, sikatai, wala hapana aliyeweza kuandika katika kadi ya salamu kwamba barabara ya kwao haipitiki. Hata hivyo ndani ya chombo cha dola palikuwa na ufa mdogo ambamo nafsi ya kwanza ilipenya.

Mwaka 1982 ndio unaofaa kuangaliwa kwa makini. Mwaka huo, Homa Bay, kando ya Ziwa, kilifunguliwa kituo kidogo kwa msaada wa UNESCO, ambacho huhesabiwa kuwa redio ya jamii ya kwanza nchini Kenya. Mwaka huo huo serikali ilibomoa uwanja wa maonyesho wa wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, ambako mchezo wa Kigikuyu ulikuwa umepigwa marufuku mwaka 1977. Mwaka 1984 kituo cha Homa Bay nacho kilifungwa. Sisemi kwamba mambo haya yalitoka katika barua moja. Nasema kwamba Kigikuyu kilikuwa kikisikika kila siku katika Sauti ya Kenya, na hakikumtisha mtu. Kilichotisha Kamirithu, ambacho nacho kilikuwa kijiji cha Hali ya Hatari, ni kwamba wakulima na wafanyakazi walisahihisha maneno ya mchezo wenyewe, wakasimama jukwaani wakasema "sisi". Lugha ilikuwa ile ile. A-unganifu ndiyo iliyobadilika maana.

Utangazaji ulipofunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990, Kigikuyu kilirudi hewani kwa kishindo. Kameme FM ilianza Nairobi mwaka 2000 na kujiita Kayu ka Muingi, yaani Sauti ya Umma. Inooro FM ilifuata, na shirika la taifa nalo likawa na Coro FM. Si haki kuyabeza haya. Wako wazee wa Karatina na Kerugoya waliokuwa wameambiwa tangu shuleni, wengine kwa kuvishwa kigogo shingoni, kwamba lugha yao haifai ila jikoni. Sasa waliisikia ikijadili sheria, mpira, ugonjwa wa sukari na bei ya maziwa. Istilahi nyingi zilibuniwa humo papo kwa hapo, kwa midomo ya watangazaji, kabla kamati yo yote haijakaa. Sisi tulio vyuoni tuna deni kwao ambalo hatujalikiri.

Lakini ka katika kayu ka muingi ni a-unganifu ile ile yetu, imevaa ngeli nyingine, na utata wake haukupungua. Mkulima wa kahawa wa Othaya hupiga simu kulalamikia malipo ya chama chake cha ushirika. Hupewa nafasi kati ya tangazo na tangazo, mtangazaji humhurumia kwa methali nzuri, simu hukatwa, na kesho yake mada ni ndoa. Mada haikuchaguliwa na huyo mkulima, wala hana njia ya kuirudisha. Masikio yake na ya wenzake yamehesabiwa, na idadi hiyo ndiyo bidhaa anayouziwa mwenye sabuni. Huo ni umma wa mawe. Biashara si dhambi, na nyumba ya mawe ni imara. Kosa ni letu tunaosoma kauli mbiu ya biashara kama kwamba ni hati ya kumiliki shamba.

Tulinganishe na jina la kituo cha jamii cha Tigania, katika Meru: Mugambo Jwetu, yaani Sauti Yetu. Mgikuyu angesema mugambo witu. Kiambishi cha upatanisho chatofautiana, lakini mzizi wa kimilikishi ni ndugu wa -etu ya Kiswahili. Hapa a-unganifu imeachwa, nafsi ya tatu "umma" imeachwa, na msemaji amejitia mwenyewe ndani ya neno. Tena si Kimeru cho chote. Maandishi ya Kimeru, Biblia ikiwa ya kwanza, yameegemea zaidi lahaja ya Imenti, hata Mtigania akazoea kuhisi kwamba lahaja yake ni ya kusemea nyumbani. Redio yenye makao Tigania yamrudishia lahaja hiyo katika shughuli rasmi, na hili ni jambo ambalo kituo kikubwa chenye kutafuta wasikilizaji wengi hakiwezi kulifanya, hata kikitaka.

Jiografia nayo yasaidia. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na nchi hii ni ya migongo na mabonde. Mtambo mdogo uliowekwa juu ya mgongo mmoja hushindwa kuufikia wa tatu. Wahandisi huona hilo kuwa kasoro. Lakini katika Ugikuyu wa kale mgongo, rugongo, ulikuwa ndio kipimo cha jamii, watu walioamuana kesi zao na kutahiriana pamoja. Anayevuka migongo yote kwa mlingoti mrefu amepata soko, na huenda amewapoteza majirani.

Je, -etu inatosha? Hasha. Lugha zetu hizi, Kiswahili kikiwamo, hazitenganishi kwa umbo "sisi" inayomhusisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje. Mwenyekiti wa kamati akisema "redio yetu", sarufi haimlazimishi kueleza kama anaihesabu kamati tu. Na nyuma ya kamati aghalabu yuko mfadhili. Sheria ya Kenya ilipoitambua redio ya jamii, kanuni za mwaka 2009 ziliiruhusu kupokea misaada, ada za wanachama, na matangazo ya biashara yanayohusu eneo lake. Maadamu biashara ya eneo dogo ni duka la pembejeo na hoteli mbili, msaada ndio huwa nguzo. Na msaada huja na mada yake: mwaka huu chanjo, mwaka ujao mabadiliko ya tabianchi. Mada ni njema, tena za lazima, lakini tumerudi katika nyumba ya wageni, safari hii wageni wakiwa wamepewa funguo za mlango wa mbele peke yake.

Tofauti hii si mpya duniani. Mwaka 1947 padre mmoja wa Colombia, José Joaquín Salcedo, alianzisha Radio Sutatenza, ikawafundisha wakulima wengi kusoma na kuandika; wakulima walikuwa wanafunzi wake. Karibu na wakati huo wachimba madini wa Bolivia walianza kujenga vituo vyao kwa fedha zilizotoka katika mishahara yao wenyewe, wakatangaza mikutano ya chama, misiba na migomo, na vituo hivyo vilishambuliwa na wanajeshi zaidi ya mara moja. Karibu na kwetu, wanawake wa Mang'elete, katika Ukambani, waliungana vikundi kwa vikundi na kuanza kutangaza mwaka 2004. Mchango wa mwanachama, hata ukiwa mdogo kiasi gani, ndio unaompa haki ya kusimama katika mkutano wa mwaka na kuuliza kwa nini kipindi fulani kimeondolewa.

Imebaki Nanyuki, ambayo huvuruga nadharia ya lugha ya mama kuliko mji wo wote wa mlima huu. Katika soko lake husikika Kigikuyu, Kimeru, Kimaasai, Kisamburu na Kiturukana. Kuna askari waliotoka kila pembe ya nchi, na vibarua wa mashamba makubwa. Jamii hapo ni watu wanaotumia kisima kimoja na hospitali moja, wala si watu wa ukoo mmoja. Redio yao, ikiwa yao kweli, haina budi kusema Kiswahili, na Kiswahili hicho kitakuwa na lafudhi tano. Hili si jambo la adabu tu. Tume ya Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilizitaja redio za lugha za mama miongoni mwa vyombo vilivyochangia chuki katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Ilhali Pamoja FM ya Kibera, kituo cha jamii kinachosema Kiswahili kwa watu wa makabila mengi, ilisifiwa kwa kuwahimiza wasikilizaji watulie. Anayefasiri "jamii" kuwa "kabila" amekwisha kutafsiri vibaya kabla hajafungua mtambo, na tafsiri hiyo watu wameilipia kwa maisha yao.

Idara zetu zimekusanya methali na nyimbo kwa bidii. Ingefaa sasa wanafunzi wapelekwe Tigania, Karatina na Nanyuki wakiwa na vinasa sauti, wanase saa zote za utangazaji wa juma moja katika kila kituo, kisha wapitie maandishi yake neno kwa neno na kuandika pembeni, kila penye "sisi" na kila penye "-etu", ni kinywa cha nani kilichosema, kilipewa dakika ngapi, na ni nani aliyekikatiza.