Wastani Unaoficha Picha Mbaya

Makala zinazolinganisha enkoda za NVIDIA, Intel na AMD, yaani sehemu ya chipu inayobana video wakati wa kurusha mubashara, aghalabu huishia kwenye namba moja: alama ya VMAF, kipimo kilichotolewa na Netflix mwaka 2016, kinachoanzia 0 hadi 100. Alama hiyo kwa kawaida ni wastani wa fremu zote, na hapo ndipo ninapotofautiana na waandishi hao. Tuseme video ni ya dakika 10. Dakika 9 msemaji ameketi kimya, picha inapata 96; dakika 1 ngoma inachezwa, picha inavunjika vipande vya mraba na kupata 50. Wastani ni 91.4. Jedwali linasifu, mtazamaji analalamika, na mtazamaji ndiye mwenye haki.

Kasi ya data nayo huchaguliwa kwa kuzoea Twitch: kilobiti 6000 kwa sekunde. Sisi tunaorusha mihadhara kwa bando la simu hatufiki huko, na udhaifu wa enkoda hujitokeza hasa data inapokuwa chache. (Wengine hushindanisha AV1 ya kadi moja na H.264 ya nyingine, kisha wakaisifu kadi! Walichopima ni kodeki.)

Mhakiki angetuonyesha asilimia 1 ya fremu mbaya kuliko zote, kwa kilobiti 1500, na picha zake kando. Herufi ndogo za slaidi zinasomeka au hazisomeki?