Jembe Tulilishika, Sikio Tuliliacha: Maneno Juu ya Kitabu cha "Elimu ya Kujitegemea"

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwalimu Julius Nyerere aliitia methali hiyo katika maandiko yake juu ya Ujamaa mwaka 1962, nasi twaipenda kwa sababu yamwaibisha mvivu. Walakini yafaa tuitazame tena. Methali haianzi kwa jembe. Yaanza kwa siku mbili za kuketi. Katika siku hizo mgeni hupewa maji, huulizwa habari za kwao, na yeye mwenyewe hutazama jinsi wenyeji wake wanavyolima na wanavyosalimiana. Hata apewapo jembe siku ya tatu, amekwisha kujua shamba ni la nani, na mmea ni upi, na gugu ni lipi.

Nimeitanguliza methali hiyo kwa kuwa nataka kupima kitabu kidogo ambacho sisi walimu tulikisoma chuoni, na ambacho wazee wengi wa vijijini walijua jina lake hata kama hawakupata kukifungua. Ni kitabu cha "Elimu ya Kujitegemea". Nataka kukipima kwa jambo moja tu: kazi wanazofanya wanafunzi wetu wa sekondari kwa ajili ya jamii, na nafasi wanayopata ya kujifunza desturi za watu wengine. Wengi wetu katika wilaya za Ngara na Biharamulo huyaona haya kuwa mambo mawili mbalimbali: kazi ni ya shambani, na desturi ni ngoma ya kuchezwa siku ya wageni. Mimi nasema ni jambo moja, na kitabu chenyewe chatuelekeza huko, ila sisi tulikisoma nusu.

Kwanza tukumbuke kilitoka lini. Mwezi Oktoba mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenzao wa vyuo vingine waliandamana Dar es Salaam kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, lililoundwa mwaka 1963, ambalo sasa lilitaka kuwachukua wasomi kwa lazima. Rais akawafukuza mamia yao, wakarudi makwao. Februari 1967 likatokea Azimio la Arusha, na Machi mwaka uo huo kikatokea kitabu hiki. Basi tukisomapo tusisahau kwamba aliyekiandika alikuwa baba aliyetoka kuonana na wanawe kwa uchungu. Chasema wazi kwamba elimu tuliyoirithi kwa wakoloni ilimtenga kijana na watu wake, ilimfanya ajione bora kuliko wao, ilimfundisha kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni, tena iliondoa mikono yenye nguvu katika kazi ya nchi. Dawa iliyotolewa ni kila shule kuwa na shamba au karakana yake, wanafunzi wafanye kazi na kula matunda yake.

Hapa yapasa kukisifu kitabu. Maneno yake ni mepesi, na hoja zake zafuatana kama vipandio vya ngazi. Hakimdharau mkulima, chatuonya tusiwaone wazazi wetu kuwa wajinga kwa kuwa hawakuingia darasani. Tena mwandishi ataka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba na matumizi ya mapato yake, hata kama pengine watakosea. Na ataja mambo matatu ambayo elimu haina budi kumpa kijana. La kwanza ni akili ya kuuliza. La pili ni uwezo wa kujifunza kwa yale wayafanyayo wengine, akayakataa au akayageuza yapate kufaa kwake. La tatu ni moyo wa kujiamini, kama mtu huru aliye sawa na wenzake, anayewaheshimu wengine naye akaheshimiwa. Msomaji na aone mwenyewe: katika mambo hayo matatu jembe halimo. Jembe ni njia tu. Mambo haya ndiyo mwisho wa safari.

Je, sisi tulichukua nini? Tulichukua jembe. Mwanafunzi aliyechelewa hupewa kipande cha kulima. Aliyepiga kelele hupewa kipande cha kulima. Kisha siku ya Ijumaa twampeleka kijijini akalime, nasi twamwambia kwamba huo ni utumishi mwema. Atasadiki vipi? Jembe lililokuwa adhabu Jumatatu haliwi heshima Ijumaa. Na tuandikapo taarifa ya kazi hiyo, twaandika vipande vilivyolimwa na miche iliyopandwa. Hatuandiki kijana alizungumza na nani, wala alijifunza nini.

Nisijitoe katika lawama hii. Miaka michache iliyopita niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kumsaidia bibi mmoja mjane, aliyekuwa akikaa peke yake. Tulikuwa na saa mbili tu. Nikawapanga mstari, nikawaambia, "Palilieni maharage haya, lisibaki jani lingine." Wakafanya kwa bidii, shamba likawa safi kama uwanja wa kanisa. Bibi akatushukuru, akatupa ndizi mbivu, nasi tukaenda zetu tukiimba.

Baada ya juma moja jirani yake akaniambia kwa upole kwamba yale tuliyoyang'oa yalikuwa mgagani. Bibi aliuacha uote katikati ya maharage, kwa kuwa ndio mboga yake wakati maharage hayajakomaa. Nikauliza, "Mbona hakutuambia?" Jirani akajibu, "Alisema, Mwalimu. Alisema kwa Kihangaza, na waliokuwa karibu naye ni watoto watatu waliotoka mbali. Wakacheka, wakaendelea." Wenzao waliojua lugha hiyo walikuwa upande wa pili wa shamba, nami nilikuwa nikitazama saa. Nilikwenda kumwomba radhi. Akanipokea vizuri, akasema watoto wale wana mikono hodari. Neno hilo limenikaa moyoni, maana alisifu mikono, wala hakutaja masikio.

Basi kosa hili ni la kitabu, au ni la wasomaji wake? Kwa sehemu kubwa ni letu. Walakini kitabu nacho kina upungufu, na kukipenda si sababu ya kuuficha. Chamfikiri zaidi kijana atakayefanya kazi kati ya watu aliozaliwa kwao, katika kijiji ambacho kila mtu amjua mwenzake. Juu ya kijana awatumikiaye watu asioijua lugha yao hakikukaa sana. Nasi huku hatuishi hivyo. Ngara kuna Wahangaza na Washubi. Biharamulo kuna Wasubi na Wazinza. Wahaya wako kati yetu, na Wasukuma wamekuja na ng'ombe zao. Ng'ambo ya mito kuna Rwanda na Burundi. Tangu mpango wa kuendeleza elimu ya sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zimejengwa kwa wingi, na mwalimu wa shule hizo mara nyingi ametoka mkoa mwingine kabisa. Kiswahili chatuunganisha, na tumshukuru Mungu kwa hilo; lakini bibi kizee aumwapo, au apotewapo na mboga yake, hunena kwa lugha ya mama yake.

Nchi yetu imepata kuona jinsi sikio linavyofaa kuliko jembe. Tarehe 28 Aprili 1994, na siku iliyofuata, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakiyakimbia mauti, wakaja kukaa Benaco. Mashirika yalileta mahema na unga, na bila hivyo wengi wangalikufa. Lakini Mhangaza wa kawaida alikuwa na kitu ambacho malori hayakukileta. Lugha yake i karibu sana na Kirundi na Kinyarwanda, hata aliweza kumwuliza mgeni bila mkalimani amepotewa na nani na ana haja ya nini. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera papo hapo Ngara, kwa kuwa mtu aliyepotewa na jamaa zake ahitaji habari kama ahitajivyo chakula. Sisemi kwamba ujirani huo haukuwa na machozi. Miti ilikatwa ovyo kwa kuni, na mashamba ya wenyeji yaliharibiwa. Nasema tu kwamba siku zile aliyejua kusikiliza alikuwa mtumishi mkubwa, hata kama hakushika chombo chochote mkononi.

Neno hili lawahusu pia vijana wa Ulaya na Marekani wanaokuja kutusaidia. Vijana wa Peace Corps walianza kuja Tanganyika mwaka 1961, na desturi ya chama chao ni kumfundisha kijana lugha kwanza kabla ya kumpeleka kazini, kisha akae na watu kwa muda wa miaka miwili hivi. Hiyo ndiyo methali yetu, ingawa hawakuijua. Lakini siku hizi wako wengine wajao kwa majuma mawili, wakapaka rangi ukuta wa darasa ambao fundi wa kijijini angeupaka vizuri zaidi kwa siku mbili, wakapiga picha, wakarudi. Ni rahisi kuwacheka. Mimi nauliza: sisi wenyeji tuliwapa nini? Tuliwapa viti vya mbele, tukawaimbia, tukawachezea ngoma, tukawasomea risala yenye orodha ya mahitaji. Hatukuwapa siku mbili za kuketi jikoni, wala jembe siku ya tatu. Twawaonyesha desturi zetu kama nguo ya sikukuu, tena mgeni akiondoka twaikunja. Kisha twashangaa kwamba alituona maskini tu, hakutuona watu. Na wanafunzi wetu, walioketi nyuma ya viti vile, hawakupata kumwuliza kijana mwenzao hata swali moja juu ya shamba la baba yake. Huko si kubadilishana desturi. Ni kutazamana tu.

Wakristo hatuna udhuru katika jambo hili, maana tuna mfano ulio mkubwa kuliko kitabu chochote cha serikali. Bartimayo alikuwa kipofu, na kila mtu njiani alijua shida yake ni nini. Hata hivyo Bwana hakumponya upesi upesi na kupita; alimwita kwanza, akamwuliza ataka afanyiwe nini. Na pale kisimani Samaria, Yeye aliyekuwa na maji ya uzima alianza kwa kumwomba mwanamke mgeni maji ya kunywa. Alipokea kabla ya kutoa. Kijana anayekwenda kumsaidia mjane bila kumwuliza, bila kupokea hata neno moja kwake, hajafuata mfano huo, hata kama amelima eka nzima.

Tufanye nini basi? Si mambo makubwa. Kwanza, mwalimu asipange kazi ya kijijini bila kumtuma mwanafunzi mmoja au wawili kuuliza, nao waulize kwa lugha ya mwenye nyumba. Na asiyeijua aongozwe na mwenziwe aijuaye. Hapo ndipo mtoto wa Kihangaza, aliyezoea kuchekwa kwa matamshi yake darasani, atakuwa mwalimu wa wenziwe. Pili, kabla ya kazi pawe na maketi: wanafunzi wakae na wenyeji, wasikie kwa nini shamba lile hulimwa vile. Tatu, taarifa ya kazi isiandikwe na mwalimu peke yake. Mwenye shamba aulizwe, naye aseme kazi ilimfaa au haikumfaa. Nne, tuache kabisa kulitumia jembe kama fimbo. Mambo haya hayataki fedha, wala hayangoji mgeni kutoka ng'ambo.

Najua wenzangu watasema, "Wakati utatoka wapi, na mtihani wa kidato cha nne u mlangoni?" Nami nilisema hivyo hivyo, nikatazama saa, na bibi yule akalala bila mboga. Saa mbili nilizodhani nimeziokoa zilimgharimu yeye mboga yake ya msimu mzima.

Nyerere aliwahi kumfananisha kijana aliyesomeshwa na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwatafutia wenzake chakula. Akila asirudi, amewasaliti. Ni mfano mzuri, nami naongeza neno moja tu. Huyo mtu arudipo na mzigo wake, na asimame kwanza mlangoni, abishe hodi, aulize nyumba ile wanakula nini. Basi ndugu zangu walimu, na ninyi wazazi, kitabu hiki bado chafaa kusomwa. Tukisome tena, na safari hii tukisome chote.