Simu Ilipo, Iliko na Ilimo: Uhakiki wa Lugha ya Dai la Hataza

1. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuchagua matini zake katika ushairi, riwaya na tamthilia. Matini za sheria na za ufundi huachiwa wanasheria na mafundi, kana kwamba lugha iliyomo ni chombo kitupu kisicho na la kuhakikiwa. Mgawanyo huu haufai. Zipo sentensi ambazo neno moja tu ndani yake laweza kumpa mtu au kampuni haki ya kuwazuia wengine wote wasitumie uvumbuzi fulani kwa muda wa miaka 20. Sentensi hizo ni madai ya hataza.

Makala haya yanachunguza dai la namna hiyo kuhusu jambo moja: kutambua mahali pa simu ya mkononi wakati mtandao unapoikabidhi kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Swali la kisheria ni kama huduma hiyo yastahili hataza. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa sawasawa kabla maneno mawili hayajasomwa kwa makini, yaani "wakati" na "mahali", na kwamba kuyatia maneno hayo katika sarufi ya Kiswahili hufichua utata ambao lugha zinazotumiwa katika madai ya Ulaya huweza kuufunika.

2. Jambo lenyewe

Mtandao wa simu za mkononi umegawanywa katika maeneo, na kila eneo huhudumiwa na mnara wake. Msafiri anayezungumza kwa simu huku akienda hutoka eneo moja na kuingia jingine, na mazungumzo yake hayana budi kuhamishwa bila kukatika. Uhamisho huo ndio makabidhiano. Katika mtindo wa GSM, simu iliyo katika mazungumzo hupima nguvu ya mawimbi ya minara jirani na kutoa taarifa mara mbili hivi kwa sekunde. Mtandao ndio unaoamua simu ikabidhiwe lini na kwa mnara upi. Simu huuacha mnara wa kwanza, ikaushika wa pili. Katika mitandao ya kizazi cha tatu ya mtindo wa UMTS, simu yaweza kuushika mnara wa pili ingali imeushika wa kwanza.

Huduma ya mahali ni jambo jingine. Mtandao hutakiwa kusema mtu yuko wapi, kwa ajili ya kumwokoa, kumwongoza njia au kumuuzia kitu. Mara nyingi vipimo vyake hutegemea mnara unaoihudumia simu kwa saa hiyo. Mnara ukibadilika kipimo kikiwa katikati, kilichokwisha kupimwa chaweza kuwa hakifai tena. Hapo ndipo fundi hutafuta njia, na ndipo mwombaji wa hataza huanza kuandika.

3. Dai kama matini

Mkataba wa Hataza wa Ulaya ulitiwa sahihi mjini Munich tarehe 5 Oktoba 1973. Kifungu chake cha 52 huorodhesha mambo yasiyohesabiwa kuwa uvumbuzi: nadharia za sayansi, njia za hisabati, kazi za sanaa, taratibu za biashara, programu za kompyuta na utoaji wa taarifa. Kisha kifungu hichohicho huongeza kwamba mambo hayo yamekatazwa "kwa hali yake yenyewe" tu. Kirai hicho kifupi kimezua mabishano mengi kuliko orodha yote iliyokitangulia, kwa sababu ndicho kinachoamua lini programu ni programu tu, na lini ni sehemu ya mtambo.

Kifungu cha 84 hutaka madai yawe wazi, yawe mafupi, na yategemezwe na maelezo. Kwa desturi kila dai huandikwa katika sentensi moja, hata ikiwa ndefu kupindukia. Panapofaa, sentensi hiyo hugawanywa sehemu mbili: ya kwanza hutaja yaliyojulikana tayari; ya pili, inayoanza kwa maneno kama "yenye sifa ya kwamba", hutaja kile ambacho mwombaji adai kuwa kipya. Madai ya hataza iliyokubaliwa hutolewa katika lugha tatu, Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa, lakini kwa kawaida matini yenye nguvu ya sheria ni ile ya lugha iliyotumiwa katika shauri. Ni vigumu kupata aina nyingine ya maandishi ambamo kila kiunganishi kina thamani kubwa kiasi hiki.

Dai lifuatalo limetungwa kwa ajili ya uhakiki huu tu, wala si la hataza yoyote:

"Njia ya kutoa huduma ya mahali katika mtandao wa simu za mkononi, ambamo simu hukabidhiwa kutoka mnara wa kwanza hadi mnara wa pili, yenye sifa ya kwamba mahali pa simu hupimwa wakati wa makabidhiano, ili huduma isikatike na mtumiaji apate matangazo ya maduka yaliyo karibu naye."

4. Vitenzi vya hu- na vitenzi vya -e

Namna ya kulisoma dai kama hili huko Ulaya imetokana hasa na uamuzi nambari T 641/00 wa Baraza la Rufani la Ofisi ya Hataza ya Ulaya, wa tarehe 26 Septemba 2002, ujulikanao kwa jina la Comvik. Uamuzi huo nao ulihusu simu za mtindo wa GSM. Kadi moja ya simu ilipewa vitambulisho viwili au zaidi, mtumiaji akachagua kimoja kwa wakati mmoja, ili gharama zigawanywe kati ya simu za kazi na simu za binafsi, au kati ya watumiaji mbalimbali. Baraza lilishika kwamba sehemu za dai zisizochangia tabia ya kiufundi haziwezi kutegemeza hatua ya kivumbuzi. Kugawanya gharama si ufundi. Kwa hiyo lengo hilo laweza kuwekwa katika swali analopewa fundi, lisihesabiwe katika jibu lake. Hataza haikuokoka. Mnamo tarehe 10 Machi 2021 Baraza Kuu la Rufani, katika uamuzi G 1/19 uliohusu uigizaji wa kompyuta, lilikubali kwamba njia hiyo ya usomaji iendelee.

Mhakiki wa fasihi akisoma uamuzi huu hukumbuka ule mjadala wa zamani wa fani na maudhui. Wengi wamefundisha kwamba viwili hivyo havitenganishwi, na kwamba anayevitenga huua shairi. Je, Baraza limeua dai? La. Shairi halimnyimi mtu mwingine haki ya kutunga. Dai la hataza humnyima haki ya kutenda. Hivyo ni halali kuuliza ni sehemu gani ya sentensi iliyofanya kazi na ni sehemu gani iliyopamba. Kama lengo jema la biashara lingetosha kupata hataza, kila duka lingekuwa na hataza yake.

Sarufi ya Kiswahili hulionyesha jambo hili kwa uwazi. Katika dai la mfano, "hukabidhiwa" na "hupimwa" ni vitenzi vya kiambishi hu-: hueleza kinachotendeka. "Isikatike" na "apate" ni vya dhamira tegemezi, vyenye -e mwishoni: hueleza kinachotakiwa. Kusema kwamba huduma isikatike ni kutaja matokeo; njia ya kuyafikia haijatajwa. Msomaji akiviweka kando vitenzi vya -e, hubaki na maneno haya tu: mahali pa simu hupimwa wakati wa makabidhiano. Uzito wote wa dai umeangukia hapo.

Hata hivyo jaribio hili lisitumiwe kama shoka. Lengo laweza kuwa la kiufundi nalo likaja kwa dhamira tegemezi, kwa mfano "ili simu itumie umeme kidogo". Lengo la namna hiyo halitupwi. Sarufi haimwamulii hakimu. Humwonyesha tu mahali ambapo hapana budi aulize.

Kasoro ya njia ya Comvik, kwa hiyo, haimo katika kutenganisha. Imo katika hatari ya kutenganisha mapema mno. Msomaji mwenye haraka huyaona maneno "mtumiaji" na "matangazo" akasema ni biashara. Huyaona "mnara" na "hupimwa" akasema ni ufundi. Huko ni kupanga nomino mafungu mawili kabla ya kujua sentensi yenyewe yasema nini. Na dai hili bado halijasema, maana maneno yake mawili ya msingi hayana mpaka.

5. Neno "wakati"

"Wakati wa makabidhiano" ni kirai chenye nomino mbili na hakina kitenzi. Mfasiri akitaka kukigeuza kuwa kishazi cha Kiswahili chenye kitenzi, hulazimika kuchagua, na kila uchaguzi huzaa uvumbuzi mwingine:

(a) Kipimo kilichoanza kabla simu haijakabidhiwa huhamishiwa mnara wa pili, nao hukiendeleza.

(b) Simu inapokabidhiwa, mtandao huacha kipimo cha kwanza na kuanza kingine.

(c) Simu ikiisha kukabidhiwa, mtandao hutumia taarifa za nguvu za mawimbi zilizotumwa kwa ajili ya makabidhiano yenyewe ili kukadiria mahali.

Katika (a) kazi iko katika kuhamisha hesabu isiyokamilika. Katika (c) iko katika kutumia tena taarifa iliyokuwa na kazi nyingine. Hizo ni njia za kiufundi zinazoweza kujadiliwa, kila moja kwa sifa zake. (b) ni dhaifu, kwa kuwa kazi iliyoharibika kuanzwa upya ni shauri ambalo fundi wa kawaida angelipata bila kuvumbua lolote. Lakini dai lililosema "wakati wa makabidhiano" lataka kuzimeza zote tatu. Aliyevumbua (a) peke yake hapaswi kumzuia mwenzake aliyevumbua (c).

Yafaa kukiri kwamba Kiswahili nacho kina utata wake. Kiambishi -ki- hubeba sharti na pia hubeba vitendo viendavyo pamoja. Kiambishi -po- hubeba wakati na mahali kwa pamoja: "inapokabidhiwa" yaweza kuwa saa ya kukabidhiwa au pale pa kukabidhiwa. Faida ya tafsiri haitokani na usafi wa lugha moja kuliko nyingine. Hutokana na kwamba utata wa lugha mbili haukai mahali pamoja, na palipofunikwa na moja hufunuliwa na nyingine.

6. Neno "mahali"

Hapa ndipo Kiswahili kina mengi ya kusema. Ngeli ya mahali ina viambishi vitatu: pa- kwa mahali dhahiri, ku- kwa mahali pasipo dhahiri, mu- kwa mahali pa ndani. Simu ilipo, simu iliko na simu ilimo si kitu kimoja, na mtoto aliyelelewa katika lugha hii anajua hivyo kabla hajafundishwa sarufi.

Mitandao nayo hutofautisha vivyo hivyo. Mtandao ukijua tu ni mnara gani unaoihudumia simu, umejua ilimo: ndani ya eneo hilo, ambalo mashambani laweza kuenea kilomita nyingi. Katika GSM, muda wa safari ya mawimbi hupimwa kwa hatua za mita 550 hivi. Humwambia mtu umbali kutoka mnarani, lakini hausemi upande. Huko ni kujua iliko. Vipimo vya setilaiti hukaribia kusema ilipo. Tofauti hii ina uzito wa maisha. Mwaka 1999 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliweka kanuni kwamba, kwa simu za dharura zinazopimwa kwa msaada wa chombo alichoshika mpigaji, mahali pajulikane kwa kadiri ya mita 50 katika asilimia 67 ya simu, na mita 150 katika asilimia 95. Mwokozi anayetafuta nyumba inayowaka hasaidiwi na -mo.

Sasa dai la mfano lirudiwe. Likisomwa kwa -mo, halina jipya: mtandao hauwezi kuikabidhi simu pasipo kujua imo katika eneo gani na yaenda katika eneo gani, hivyo kila makabidhiano yaliyopata kufanyika tayari yametekeleza dai hilo. Likisomwa kwa -po, lagusa tatizo la kweli, yaani jinsi ya kukihifadhi kipimo cha karibu mnara ubadilikapo. Kustahili hataza au kutostahili kumetegemea silabi ambayo matini ya asili haikuwa nayo. Mwandishi wa dai aweza kunufaika na ukimya huo: mbele ya mkaguzi atasema alikusudia -po, ili dai lionekane jipya, mbele ya mshindani atasema neno lake lafunika na -mo, ili amzuie. Itifaki ya kufasiri kifungu cha 69 hutaka pawe na uwiano kati ya ulinzi wa haki kwa mwenye hataza na uhakika wa kutosha kwa watu wengine. Uwiano huo haupatikani maadamu neno "mahali" limeachwa bila mpaka.

7. Hitimisho

Huduma ya mahali wakati wa makabidhiano yaweza kustahili hataza, lakini si kwa jina lake. Yastahili pale dai linapotaja kitendo kinachotendwa juu ya kipimo, kinatendwa kabla ya nini na baada ya nini, na kwa kadiri gani ya mahali.

Somo hili lawahusu wanaisimu wa Kenya pia. Hadi Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 1989 ilipoanza kutumika, hataza zilizosajiliwa Nairobi zilikuwa zile zilizokwisha kukubaliwa Uingereza. Sheria ya mwaka 2001, iliyochukua nafasi ya ile ya 1989, nayo huzitenga taratibu za biashara, na imeandikwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Juhudi nyingi zimetumika kuunda istilahi, nazo zina faida. Neno "hataza" lenyewe ni tunda lake. Lakini istilahi ni nomino, na uchunguzi huu umeonyesha kwamba ugomvi wa madai hukaa zaidi katika viambishi na vitenzi. Siku dai la kwanza litakapoletwa kwa Kiswahili mbele ya mkaguzi, kamusi ya ufundi haitamtosha. Atahitaji mtu awezaye kumweleza kwa nini mwombaji aliandika "ilipo" na hakuandika "ilimo", na mtu huyo hana budi kuandaliwa katika idara za lugha.