Mtazamaji wa Kwanza Asiwe Mtahini

Mtahiniwa wa maigizo ana mzigo asioujua mwenzake wa hisabati. Yule wa hisabati anaweza kutetemeka mwanzo hadi mwisho na jibu likabaki sahihi. Huyu wa jukwaani akitetemeka, mtetemeko wenyewe unakuwa sehemu ya kazi inayopewa alama. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya wa Kenya ilianza masomo Januari 2026, na maigizo na filamu ni mojawapo ya masomo yanayoweza kuchaguliwa. Kwa hiyo namna ya kumwandaa mtoto asimame mbele ya watu si suala la walimu wa tamasha za shule peke yao tena.

Mfano bora ninaoujua uko karibu na sisi wa Dagoretti Corner, Nairobi. Shika Naivasha Road hadi Waiyaki Way, endelea kupanda mpaka Limuru, utafika Kamĩrĩĩthũ. Huko, mwaka 1977, waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandaa mchezo wa Ngaahika Ndeenda pamoja na wakulima na vibarua, wengi wao wageni kabisa jukwaani. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba, kibali cha kuuonyesha kikafutwa tarehe 16 Novemba, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Sehemu hiyo ya historia inajulikana. Namna mazoezi yalivyofanywa haizungumzwi sana, nami naona ni hasara kwa walimu.

Mazoezi yalifuata ratiba ya kazi za kijiji, hasa Jumamosi na Jumapili alasiri, na yalifanyika uwanjani mbele ya kila mtu. Aliyekuwa na nafasi alikuja, akatazama, akasahihisha: mzee wa rika lile hasemi na vijana hivyo, sherehe ile haiendi hivi. Siku ya ufunguzi, katika ukumbi usio na paa waliojijengea wenyewe wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, waigizaji walikuwa wametazamwa kwa miezi. Linganisha na desturi ya shule nyingi: mlango hufungwa, mazoezi yanakuwa siri, kisha mtoto anasukumwa mbele ya macho mageni siku ile ile ambayo kila kosa lina gharama.

Saikolojia inaeleza kwa nini desturi hiyo ni mbaya. Mwaka 1965 Robert Zajonc alitoa hoja kwamba kuwepo kwa watu huyapa nguvu mazoea yaliyoshika mizizi zaidi mwilini. Kazi uliyoizoea unaifanya vizuri zaidi ukitazamwa. Usiyoimudu inazidi kuharibika. Miaka minne baadaye yeye na wenzake waliwajaribu mende. Mbele ya mende wenzao, walikimbia haraka kwenye njia iliyonyooka, wakachelewa palipohitaji kukata kona.

Mtu atauliza: ikiwa macho huvuruga kazi isiyokomaa, mbona Kamĩrĩĩthũ watu walitazama mapema na mambo yakaenda? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu macho yale hayakuwa yanatoa alama. Mwigizaji alikosea, akaelekezwa, akarudia, jioni kila mtu akaenda nyumbani. Mwili ulijifunza kwamba kukosea mbele za watu ni jambo linalopita.

Kwa mtahiniwa wa leo, basi, mistari kwanza iingie mdomoni. Aiseme kwa sauti huku akisugua sufuria au akikunja nguo. Ikikatika mikono inapokuwa na kazi, bado haijaingia. Baadaye waje watazamaji wawili anaowaamini, kisha darasa jingine, na mwishowe watu wazima asiowajua, wameketi nyuma ya meza na kalamu. Mwombe mmoja wao aandike muda wote bila kuinua uso. Hicho ndicho kinachowavunja wengi: mtahini anayetazama karatasi. Mtoto akutane nacho mapema. Tena fungua dirisha la upande wa barabara, makanga waite Kawangware na Ngong, honi zilie, mvua ipige mabati. Hakuna ahadi kwamba siku ya mtihani patakuwa kimya.

Mtazame mabega. Mwenye hofu huvuta pumzi juu juu, mabega yakapanda, sauti ikawa nyembamba na neno la mwisho la kila sentensi likamezwa. Ukimwambia avute pumzi, atajaza kifua na kukaza shingo zaidi. Mwambie aitoe: polepole, kwa hesabu ya sita, kisha aiache irudi yenyewe. Kuitoa pumzi kwa muda mrefu hupunguza kasi ya moyo na kuipa sauti mahali pa kuegemea. Zoezi hili lifanywe tangu wiki za mwanzo. Likianzishwa asubuhi ya mtihani, linakuwa kitu kingine kipya cha kuhofia.

Mlangoni, neno "tulia" halisaidii sana. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio ambamo watu waliojiambia wana msisimko kabla ya kuimba au kuhutubu walifanya vizuri kuliko waliojaribu kujituliza. Moyo hudunda wakati wa hofu na wakati wa shangwe pia. Kuuzima ghafla ni vigumu, kuupa kazi kunawezekana.

Limebaki la kusahau maneno, na hili pia lifanyiwe mazoezi. Piga makofi katikati ya tukio, mkatize mwanafunzi popote alipo, kisha umtake aendelee bila kurudi mwanzo. Asitafute neno lililopotea. Ajiulize mhusika anataka nini kwa mtu anayezungumza naye, afanye kitendo kinachofuata, achukue kikombe au ageukie mlango, na aseme hata kwa maneno yake mwenyewe mpaka mstari urudi. Rudia zoezi hili kila wiki, kila mara mahali tofauti pa mchezo.