Mwanya wa Mkasi

Ukienda kununua mkasi wa jikoni, acha kwanza kupapasa makali. Kila mkasi mpya una makali, hata ule wa bei ya chee unaoning'inia kwenye kadi pale stendi. Ufunge, uunyanyue usawa wa macho, uugeuze ubavu na kuuelekeza kwenye mwanga wa mlango. Katikati ya mabapa mawili yaliyofungwa unatakiwa kuona mwanya mwembamba, unaoanzia karibu na skrubu na kwenda kufia nchani, mahali mabapa yanapokutana. Kama yamelaliana yote na hakuna mwanga unaopita, urudishe mezani, hata kama muuzaji ameshakupunguzia bei.

Wanunuzi wengi hufanya kinyume. Huuona mwanya, wakadhani ni kasoro, wakachagua uliobana. Lakini bapa la mkasi mzuri halikunyooka. Limepindwa kidogo kuelekea mwenzake, na upande wake wa ndani umechongwa kibonde chembamba, ili wakati wa kukata mabapa yagusane mahali pamoja tu, nukta inayosafiri kutoka kwenye skrubu hadi nchani kadiri vidole vinavyofunga. Nyuma ya skrubu pana mguso mwingine ambao mnunuzi hautazami kabisa, nao ndio unaosukuma makali yaendelee kufuatana. Mabapa yakigusana kote, yanasuguana na kugoma. Yakiachana, ngozi ya kuku inapenya katikati na kutafunwa badala ya kukatwa. Hasira ya kuichomoa hapo, mikono ikiwa na mafuta, anayepika anaijua.

Kwa hiyo unaponunua mkasi, kinachostahili bei ni huo mwanya, kwa sababu ndio kazi ya mkono wa fundi. Kule Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza uliosifika kwa visu na mikasi tangu karne nyingi, kuunganisha mabapa mawili ni ufundi unaosimama peke yake, tofauti na kufua chuma na kukinoa. Mwaka 2014 Shaun Bloodworth alitoa filamu fupi, The Putter, inayomwonyesha fundi wa kazi hiyo, Cliff Denton, akiwa katika karakana ya Ernest Wright, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1902. Vifaa vya kazi yenyewe ni vichache: nyundo, kipande cha chuma cha kugongea, na jicho. Fundi huligonga bapa kidogo, akalitazama kwa urefu wake, akaligonga tena. Huliunganisha na mwenzake, akafunga na kufungua huku akisikiliza. Kisha hukata kitambaa mpaka nchani. Ncha ikitafuna nyuzi, mkasi unafunguliwa na nyundo inarudi kazini. Hakuna kipimo kilichoandikwa ukutani cha kusema bapa hili lipinde kiasi gani, kwa kuwa chuma kilichotoka motoni hakitoki vilevile mara mbili, na kila bapa hupindwa kulingana na lile litakalooana nalo. Ndiyo maana kujifunza kazi hii huchukua miaka.

Filamu ile ilisambaa duniani na maagizo yakamiminika, lakini kusifiwa hakukutosha kulipa mishahara. Mwaka 2018 kampuni ilifilisika, kisha ikanunuliwa na watu kutoka Uholanzi, na nyundo zikaendelea kugonga.

Sikuambii uagize mkasi Sheffield. Bei yake ukiifikisha huku utakula ugali mtupu mwezi mzima. Wala sikubaliani na wanaobinua midomo wakisikia mkasi ni wa China. Hangzhou wanatengeneza mikasi kwa jina la Zhang Xiaoquan tangu mwaka 1663, muda mrefu kabla Finland haijatuletea mikasi ya vipini vya rangi ya machungwa mwaka 1967. Juu ya meza moja ya muuzaji Kariakoo unaweza kukuta mikasi miwili, yote ya China, na tofauti yake ikawa mbingu na ardhi. Mwanga wa mlangoni hauulizi kitu kimetoka wapi.

Najua wapo watakaosema jikoni panatosha kisu, bibi zetu walipika pilau la harusi kwa kisu kimoja kilicholiwa na kinoo mpaka kikabaki chembamba. Ni kweli, na vidole vyao vilikuwa na alama za kuthibitisha. Chukua samaki tasi. Miiba ya mapezi yake ina sumu, ikikuchoma mkono unawaka nusu siku. Kwa kisu unalazimika kumkamata karibu na miiba ndipo umpunguze. Kwa mkasi unamshika kichwa, unapitisha mabapa chini ya pezi, unaikata yote kabla hujaanza kumpara. Kamba ndio mkasi uliumbiwa wao: ingiza ncha chini ya gamba pale shingoni, kata kufuata mgongo hadi karibu na mkia, na ule uzi mweusi unajitokeza wenyewe, nyama ikiwa nzima. Kuku wa kuchoma mkate pande zote mbili za uti wa mgongo, utoe uti, umbandike bapa kwenye wavu, aive sawasawa paja na kidari. Uti utautia kwenye supu. Jogoo mzee wa kienyeji simtaji hapa. Huyo ana kesi na panga. Wakorea hawajifichi na jambo hili, mkasi wao unakaa mezani, wanakatia nyama na tambi mbele ya wageni.

Kazi hizi zote ni za unyevu, chumvi na ndimu, na hapo suala la chuma linaingia. Harry Brearley alitengeneza chuma chake kisichoshika kutu mwaka 1913, Sheffield hiyohiyo, kwa kuchanganya kromiamu, na jiko la pwani ni miongoni mwa waliofaidi. Chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi na kushika makali matamu, lakini kiache usiku mmoja Tanga kikiwa na maji ya samaki, asubuhi kimevaa wekundu. Fundi cherehani abaki nacho, na asithubutu mtu kukatia karatasi mkasi wake.

Jambo linalonipa mawazo zaidi ni kiungo. Mkasi wenye skrubu unaweza kuukaza ukilegea. Shika kipini kimoja, ufungue, kiache kipini cha pili kianguke: kikishuka polepole na kusimama njiani, umekaa vizuri, kikianguka chote kwa kishindo, umelegea. Mkasi unaochanganuliwa, ule ambao mabapa yake yanaachana ukiufungua kupita kiasi, hauna skrubu ya kukaza, na ukichoka umechoka. Hata hivyo kwa jiko la kuku mimi nauchagua huo. Damu na mafuta hujificha chini ya kiungo mahali sponji isipofika, na harufu yake siku ya tatu haihitaji maelezo. Tafuta wenye bapa moja laini na jingine lenye meno madogo. Meno yanaikamata ngozi isiteleze. Vifungulio vya chupa na vivunja karanga vilivyochongwa katikati ya vipini ni mapambo ya kuuzia. Mashimo ya vidole ndiyo ya kuangalia, vidole vitatu viingie pamoja upande mmoja bila kubanwa, maana nguvu ya kukata mbavu inatoka kiganjani.

Mwenye mkono wa kushoto asikubali kuambiwa atazoea. Mkono wa kulia ukifunga mkasi wa kawaida, kidole gumba husukuma na vidole vingine huvuta kwa namna inayoyabana mabapa. Mkono wa kushoto ukifanya hivyohivyo unayaachanisha, na bapa la juu linaziba mstari anaoukata. Mikasi iliyogeuzwa kwa ajili yake ipo, ingawa lazima aulizie duka hadi duka.

Chukua kitambaa chakavu cha kanga ukienda dukani, ukiloweshe, ukate kwa ncha peke yake. Ukikata bila kukunja, lipa.

Baada ya hapo mkasi uko mikononi mwa mpita njia mwenye baiskeli na cherehe. Wapo hodari, wanaonoa ubavu wa nje wa lile bapa laini kwa mshazari uleule uliotoka nao, bapa la meno wakaliacha. Wapo pia wenye haraka, wanaolilaza bapa kwenye jiwe upande wa ndani mpaka ling'ae, na kile kibonde kilichochongwa kwa makusudi kinakwisha mbele ya macho yako kwa cheche za kupendeza. Muulize kabla hajakanyaga pedali ananoa upande gani. Akisema pande zote, mshukuru, mpe visu vya kukatia mboga, na mkasi urudi nao ndani.